Rangi na sumaku ya nikeli: makosa huanzia kwenye mizani

Spektra (mchoro wa mwanga unaofyonzwa na myeyusho) ikitoka imelala kama mstari, au hesabu ya sumaku ikikupa elektroni pweke (zisizo na mwenza) mbili na nusu, usikimbilie kuilaumu mashine. Mara nyingi kosa limo kwenye fomula ya chumvi uliyopima, kwenye ukali wa myeyusho, au kwenye unga ulioshindiliwa ovyo ndani ya mrija.

Kwa mazoezi, chagua nikeli iliyoshikwa na ethilenidiamini, ligandi (molekuli inayoshika metali) yenye ncha mbili za kushikia. Nikeli yenye maji sita ina mikanda mitatu ya ufyonzaji, lakini wa kwanza uko karibu nanomita 1,175, na spektrofotomita nyingi za kufundishia huishia 1,100. Ethilenidiamini ikishika nafasi ya maji, mikanda yote huhamia pale mashine inapofika: karibu 890, 545 na 345.

Pima gramu 0.657 za salfeti ya nikeli yenye maji sita, uiyeyushe kwa maji kama mililita 15 katika chupa ya ujazo ya mililita 25. Ndani ya kabati la kufyonza hewa, ongeza mililita 1 ya ethilenidiamini. Mvuke wake huunguza macho na koo. Jaza maji hadi alama, utapata 0.1 M (mole 0.1 kwa lita). Kijani lazima kigeuke zambarau. Kikiishia buluu, ligandi haikutosha: kila nikeli imepata ethilenidiamini mbili tu na maji bado yameshika nafasi mbili. Hesabu inadai mililita 0.5, lakini ziada ndiyo inayohakikisha zote tatu zimeingia. Kuveti (kikombe kidogo cha spektrofotomita) ya kulinganishia nayo iwe na maji yenye kiasi hicho hicho cha ethilenidiamini.

Soma lebo ya chupa kabla ya kupima. Chumvi hii ipo pia yenye maji saba, uzito wa mole 280.9 badala ya 262.8. Ukichanganya, umekosea kwa asilimia 7 kabla hujawasha mashine.

Huenda 0.1 M ikaonekana kali mno. Lakini kuruka kwa elektroni kati ya obiti za d (makazi ya elektroni za nje za metali) kumekatazwa na kanuni za ulinganifu, hivyo mgawo wa ufyonzaji kwa mole (kipimo cha nguvu ya ufyonzaji) katika umbo la oktahedroni, yaani nafasi sita kuizunguka metali, huwa mdogo, mara nyingi chini ya 10 kwa nikeli. Ukitumia 0.0001 M hutaona kitu. Permanganeti ni kinyume chake: mgawo wake ni kama 2,400 kwenye nanomita 525, na 0.0002 M inatosha kabisa. Manganizi yake haina hata elektroni moja ya d. Rangi inatokana na chaji kuhama kutoka oksijeni. Kwa hiyo ukipata mgawo wa maelfu, usiuite mkanda wa d.

Epuka nitreti. Nayo hufyonza karibu nanomita 300 kwa mgawo kama 7, sawa kabisa na nikeli yenyewe, na mkia wake huuchafua mkanda wa tatu. Myeyusho wenye ukungu uchuje, maana chembe hutawanya mwanga na kuinua mstari wote upande wa urujuani.

Kwenye kipimo cha sumaku, saga unga wa chumvi kwa kinu cha agati, usitumie kijiko cha chuma: chembe moja ya chuma huharibu kipimo kizima. Jaza mrija kidogo kidogo huku ukiugongagonga mezani hadi kimo kisishuke tena. Kisha soma kipimo, umwage unga, ujaze mrija upya, na upime hivyo mara tatu. Majibu yakitofautiana, tatizo ni ujazaji.

Nikeli ya oktahedroni hutoa magnetoni za Bohr (kipimo cha nguvu ya sumaku ya atomu) 2.8 hadi 3.3, wakati fomula ya spini pekee, inayohesabu elektroni pweke tu, inatabiri 2.83. Ziada hiyo si kosa. Inatoka kwenye mchango wa obiti. Ukipata sifuri, kwa kawaida nikeli imelala kwenye mraba bapa, ambapo elektroni zote zina mwenza.

Usisahau marekebisho ya diamagneti (msukumo mdogo unaotokana na elektroni zenye mwenza). Kwa salfeti ya nikeli yenye maji sita ni kama asilimia 3 ya uvutikaji (kiwango cha kuvutwa na sumaku), na hayaharibu jibu sana. Kwa shaba ndani ya ligandi kubwa ya saleni hufika karibu asilimia 14. Hapo ukiyaruka, utafikiri shaba imepungukiwa elektroni.

Kwa mbinu ya Evans (kupima sumaku ya myeyusho kwa mashine ya NMR), angalia fomula unayonakili. Vitabu vya zamani vina 3 chini yake 2π, kwa sumaku zilizokuwa zimekaa kukingama na mrija. Mashine za sasa, zenye sumaku ya kipitishi kikuu, zinataka 4π. Ukikosea hapo, magnetoni hupotoka kwa mzizi wa 2: nikeli halali ya 3.1 itasomeka kama 4.4.

Na asetati ya shaba ikikupa 1.4 badala ya 1.73, usirudie kipimo. Shaba zake hukaa mbili mbili, na spini zao hufungana.