Rais akifariki, Makamu ndiye anayeapishwa, si Waziri Mkuu

Je, Rais wa Tanzania akifariki akiwa madarakani, Waziri Mkuu anashika nafasi yake au unaitishwa uchaguzi mdogo? Hapana, Waziri Mkuu hashiki nafasi hiyo, na uchaguzi mdogo wa Rais haupo Tanzania. Ibara ya 37(5) ya Katiba inasema Makamu wa Rais anaapishwa na kumalizia muda uliobaki wa miaka mitano. Tuliliona 2021: Magufuli alifariki Machi 17, Samia akaapishwa Machi 19. Kisha Rais mpya anashauriana na chama chake, anapendekeza jina la Makamu, na Bunge linalithibitisha kwa kura. Ndivyo Philip Mpango alivyoingia kuwa Makamu mwezi huohuo.

Ila angalia ibara ya 40(4), wengi huiruka: aliyerithi miaka mitatu au zaidi anaruhusiwa kugombea urais mara moja tu. Ikipungua mitatu, mara mbili.