Mdudu gani huyo hana hata mguu mmoja?

Mwalimu mwenzangu wa Mikindani kaniandikia: "Shikamoo mzee. Naandaa bango la maonyesho ya sayansi hapa shuleni, wazazi watakuja kwahiyo tunaliandika kwa Kiswahili. Nimeweka 'Aina mbili za wadudu wa bwawani wanaofanana', chini picha za paramesia. Mwenzangu anasema nifute aina niweke spishi. Nani yuko sawa?"

Marahaba. Mwenzako yuko sawa, kafute. Aina ni gunia, unatia chochote, aina ya viatu, aina ya mchele, aina ya watu. Spishi ni ngazi yake maalumu kwenye kuainisha viumbe. Neno tumelitoa kwa Waingereza, nao wakalitoa Kilatini ambako maana yake ni muonekano, hilo muonekano lishike ntalirudia.

Ila jamani, mnagombania aina na spishi, hiyo WADUDU mmeipita hivihivi? Paramesia ni seli moja, basi. Hana kichwa wala kifua, miguu sita ataipata wapi, ana silia tu, yaani vinyweleo vidogo, mwili mzima zinampigia makasia majini. Kwenye sayansi mdudu ni nzi, ni siafu, ni panzi. Najua mtaani hili neno tumelitwisha mizigo, jino likitoboka kaingia mdudu, kidole kikivimba mdudu, mpaka kitimoto, nyama ya nguruwe, nayo watu wanaiita mdudu. Huko sina ugomvi tena, nimeshachoka, semeni. Kwenye bango la sayansi hapana.

Na inaniuma zaidi kwa vile tuko Mtwara. Nenda Newala au Tandahimba kamuulize babu yeyote mwenye mikorosho yake. Akiona unga mweupe kwenye maua na majani machanga atakwambia huo ubwiriunga, anapuliza salfa. Akiona machipukizi yana madoa meusi yanakaukia nchani, huyo ni mbu wa mikorosho, salfa anaiweka pembeni anatafuta dawa ya mbu huyo. Sasa we mwambie "si wote wadudu tu babu" uone atakavyokutazama, maana ubwiri ni kuvu na mbu ndo mdudu, ukikosea dawa hela imeenda na korosho imeenda. Babu hajawahi kugusa hadubini (hadubini, jamani, darubini ni ya kuangalia mbali) na hachanganyi, sisi tulioigusa ndo tunasomba kila kidogo tunakimwagia kwenye neno moja.

Haya, tuje kwenye picha zenu. Paramecium caudatum ni mrefu, anaweza kukaribia robo milimita au akazidi kidogo, nyuma kachongoka, na jina lenyewe limetoka kwenye mkia. Paramecium aurelia ni mfupi, nyuma kaviringika. Lakini umbo linadanganya, tia tone la rangi viini vionekane. Wote wana kiini kikubwa kimoja, ila caudatum ana kiini kidogo kimoja pembeni yake na aurelia anavyo viwili, tena vidogo kwelikweli. Mkimpata wa kijani huyo ni bursaria, kafuga mwani ndani ya mwili wake.

Na kichekesho cha muonekano ndo hiki: mwaka 1975 Sonneborn, mwanabiolojia Mmarekani, alimgawa huyohuyo aurelia akatoa spishi 14, na kwa macho huwezi kuwatofautisha, alikuwa anaangalia nani anakubali kujamiiana na nani, na vimeng'enya vyao. Yaani neno la muonekano linatumika kwa viumbe ambao muonekano wao ni mmoja. Kwahiyo kwenye bango andikeni "Spishi mbili za paramesia", wadudu ikae pembeni.

Mmoja tu ntamvumilia, Balantidium coli, naye ana silia ila makazi yake ni utumbo wa nguruwe, mara nyingine na wa binadamu. Huyo mkimwita mdudu ndani ya mdudu ntacheka na nyie, ila kwenye bango mwandikeni kimelea.