Barua kwa mwanangu aliyeulizia ubao wa mbio

Mwanangu Mazengo,

Marahaba. Mama yako hajambo, mtama umeanza kutoa masuke. Umeuliza kama hela uliyoweka ununue ubao wa mbio, ule wa kulalia majini na kupiga maji kwa mikono, wa futi 12, au ungoje upate ule mrefu zaidi. Kwa mbio, mrefu na mwembamba unateleza mbali kwa kila mkono unaopiga, ila wa futi 17 na zaidi unataka usukani wa mguu, maana haukati kona kirahisi. Kwenye mbio za Catalina kule California, kilometa 51 za bahari, zilizoanza 1955, wanazitumia aina zote mbili, wamelala kifudifudi au wamepiga magoti.

Lakini wewe ni mwokoaji. Ubao wa mwokoaji ni mfupi, mpana, una vishikio pembeni. Nimekwambia tangu zamani: kielea, yaani kitu kinachoelea, kiwe kati yako na unayemwokoa. Mtu ashike kishikio kwanza, atulie, ndipo apande alale mbele, nawe ulale nyuma yake, kifua chako kati ya miguu yake. Mkikaa nyuma mno, pua ya ubao, yaani ncha ya mbele, inanyanyuka na ubao unagoma kwenda. Wimbi likiwabeba kuelekea pwani, sogeeni nyuma kidogo, la sivyo pua inachimba maji na mnapinduka.

Si unajua ya mjomba wako pale bwawa la Mtera, upepo ulipopindua ule mtumbwi? Alichukua dumu tupu la lita 20, akakaza kifuniko, akaogelea akilisukuma mbele yake. Mvuvi aliporuka kumshika, akakumbatia dumu, si shingo ya mjomba. Kielea kati yao! Hilo linanifurahisha mpaka leo. Kinachoniuma ni nchi kavu: watu wakamning'iniza yule mvuvi kichwa chini eti maji yatoke, wakati hakuwa akipumua na alihitaji kulazwa chali na kupuliziwa pumzi 5 mara moja. Mjomba alifoka mpaka wakamwachia. Akapona, lakini zile dakika!

Mbio nazo si bure, sikatai. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea, mwaka 1925 aliokoa watu 8 kwa ubao wake wa mawimbi, boti ilipopinduka huko huko California. Mikono legevu isingerudi tena na tena kwenye mawimbi yale. Lakini ubao ule ulibeba watu, mwanangu.

Basi, hela ni yako, sikuamulii. Ila kabla hujalipa, mlaze mwenzako mzito mbele ya huo wa futi 12, wewe nyuma, mwende mita 100, uangalie pua inakaa wapi.

Baba yako