Nibadili rimu za Premio?

SWALI: Habari fundi, Premio yangu inatumia 195/65R15, nataka kuweka rimu za spoti inchi 17, je gari itakuwa ngumu?

JIBU: Salama ndugu. Itakuwa ngumu ndiyo, maana hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni urefu wa ukuta wake kwa asilimia ya huo upana, na 15 ni inchi za rimu, kwahiyo ukuta wa tairi yako sasa ni kama milimita 127 na ndo unaokula mashimo, ukienda 205/50R17 unabaki na 102 hivi, kona itashika vizuri na usukani utaitika haraka ila kila tuta utalisikia mgongoni na rimu kupinda ni rahisi. Mimi kwa barabara zetu ningeishia 205/55R16, kimo cha tairi zima kinabaki karibu kilekile so spidomita haidanganyi. Na upepo fuata kibandiko cha mlangoni jamani!