Nywele "yako" imegoma? Ipi kati ya zote?

Msomaji kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba jeni kwenye seli za ngozi ndo zinapanga nywele zikue lini na zidondoke lini. Niseme jeni hii au jeni hili? Nauliza kwa sababu nywele yangu imegoma kukua."

Marahaba. Jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli, ni jeni hii, jeni hizi, kama redio. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, nao walilipata kwa Mdenmark Wilhelm Johannsen, aliyelitunga 1909 kwa mzizi wa Kigiriki. Hilo limeisha.

Sasa tuje kwenye hiyo "nywele yangu", maana ndo imenipandisha presha. Unywele mmoja, nywele nyingi: unywele wangu, nywele zangu. Umeandika "nywele zikue" vizuri kabisa, umefika kichwani kwako ghafla zimekuwa moja! Saluni hivyohivyo, na matangazo ya mafuta ndo usiseme, "nywele yako itang'aa", ipi jamani, ya kisogoni?

Na hapa hata sayansi iko upande wangu. Kichwani kwa binadamu kila unywele una ratiba yake, unakua miaka 2 mpaka 6 hivi, halafu wiki 2 au 3 shina linasinyaa, halafu unapumzika kama miezi 3 ndo unadondoka. Kwenye kinyweleo, kile kishimo unywele unamoota, kuna jeni inaitwa FGF5, kazi yake kusema basi, inatosha, na panya, paka au mbwa ambao jeni hiyo imeharibika wanaota manyoya marefu balaa. Ila unywele mmoja ukiambiwa basi, jirani yake hana habari, yeye bado anakua na wa tatu uko kwenye kitana. Ndo maana mtu anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku na hana kipara. Ingekuwa kweli "nywele yangu" moja inayogoma kwa pamoja, kila baada ya miaka kadhaa tungenyonyoka wote kama kuku wa sikukuu.

Saluni semeni mnavyotaka, wasusi nimewashindwa, mmoja aliniuliza nimekuja kunyoa au kusahihisha. Lakini kwenye barua ya kuniuliza sarufi mimi, hapana.

Halafu dada, hata "imegoma" siiamini. Nywele zinaongezeka kama sentimita 1 kwa mwezi, ila zikikatikia njiani utaona kama hazisogei. Andika: nywele zangu zinakatika.