Ukifungiwa peke yako, gonga ukuta

Mwaka 2020 wakati wa korona nlifungiwa karantini hapa Malindi, chumba kimoja, mlango wafunguliwa chakula kikiletwa basi, siku 14 zikawa 23 sababu majibu yalichelewa. Siku ya tano nshaacha kuoga na simu ya mama sipokei. Naandika kwa yeyote alofungiwa mahali, iwe wodi ya TB, iwe nyumba ya tajiri huko Uarabuni.

Kilichonitoa ni habari ya rubani Mmarekani, Robinson Risner, nliisoma zamani nlipokua na ndoto ya kurusha ndege za kivita. Huyu alikua simba wa angani jamani. Vita vya Korea aliangusha ndege 8 za adui na F-86 Sabre yake. Vietnam akatunguliwa Machi 1965, akaokolewa baharini, akarudi kazini, Septemba mwaka huohuo akatunguliwa tena na safari hii akashikwa. Zaidi ya miaka 7 mateka kule Hanoi, na zaidi ya 3 yuko selo peke yake, kuongea marufuku, ukishikwa wateswa.

Sasa wao mateka wakigonga ukuta ili waongee. Alfabeti waipanga mistari 5 ya herufi 5, wagonga kwanza namba ya mstari halafu namba ya herufi. Herufi ni 26 kwahivo K waliitoa wakatumia C, na mwenzako akitaka kukwambia nakusikia anagonga 2.

Chumba cha pili kulikua na kijana wa Lamu, simu yake imekufa. Nlimfundisha kwa kupigia kelele dirishani, askari akaja kufoka, basi tukahamia ukutani. K tukairudisha tukatoa Q, Kiswahili bila K hakiendi kokote. Kila siku baada ya isha nagonga VP, 5 na 1, 4 na 1.

Ushauri wangu ndo huu, usisubiri ujisikie vizuri ndo utafute mtu, mi nlianza nikiwa na hali mbaya kabisa na ndo ikanipa nguvu ya kuoga. Chagua mtu mmoja na saa moja, usiivunje. Maneno mafupi yatosha, wallahi mesej ndefu ya siku moja haifikii VP ya kila siku. Na mama yako akipiga pokea, hata kama huna la kusema.

Usiku mmoja yule kijana aligonga pole pole sana, BIBI KAFA. Walikua wamemletea habari na chakula cha jioni, na kuzika hawezi kwenda. Sikua na neno. Nikagonga POLE, nikarudia, nikarudia mpaka adhana ya alfajiri, na kila nikimaliza nasikia 2 kutoka upande wa pili.