Gari-nyumba Cheyenne: buku mapema

Je, wakati wa Frontier Days unaweza kufika Cheyenne, jimbo la Wyoming, Marekani, na gari-nyumba (gari kubwa la kulala na kupikia) ukapata pa kuegesha siku hiyohiyo? Hapana, usitegemee. Frontier Days, tamasha la rodeo (mashindano ya kupanda farasi na mafahali wakali), huchukua siku kumi mwishoni mwa Julai, na viwanja vya mjini vyenye umeme na maji hujaa miezi kabla. Ukikosa, jaribu Curt Gowdy State Park, hifadhi ya jimbo yenye kambi, kama kilomita 38 magharibi kwa barabara ya Happy Jack. Nako ubuku kwanza. Sisi tulilala huko, asubuhi tukaliacha lile dubwana kambini, tukaenda rodeo na gari dogo tulilolivuta nyuma. Ila ukitoka, kunja turubai la mlangoni hata kama jua linawaka: mvua ya mawe ya kule alasiri haipigi hodi.